Lori la Shemeji

Hukumu tuliipata Machi 2016, na kwa wiki nzima tulitembea Busia, upande wa Uganda, kama watu waliokwisha kulipwa. Tulikuwa tumeuza kwa mkopo magunia 180 ya mahindi, kilo 100 kila gunia, kilo kwa shilingi 800: milioni 14.4. Mdaiwa alikuwa ametoa milioni 3 akanyamaza. Deni halikupita milioni 20, kwa hiyo shauri lilitosha kwa hakimu wa daraja la kwanza. Kwa kuwa alikuwa ametia sahihi karatasi ya kukiri deni, wakili alifungua shauri la njia ya mkato, lile linalompa mdaiwa siku 10 za kuomba ruhusa ya kujitetea. Hakuomba. Kilichotutoa jasho ni hati ya kiapo ya aliyempelekea samansi: saa ngapi, wapi, nani alimwonyesha mlengwa. Hati hiyo ikiwa na tundu, hukumu huja kufutwa baadaye.

Tukala ahadi miezi minane. Novemba tukaomba kukaza hukumu, yaani korti itumie nguvu ili tulipwe. Mwaka ungepita, sheria ingetaka kwanza mdaiwa aitwe ajieleze kwa nini isikazwe, na anayeitwa hupata nafasi ya kuficha mali. Busia kuficha si kazi: unavuka tu uko Kenya, na waranti, hati ya kukamata mali, ya korti ya Uganda haivuki mpaka.

Salio milioni 11.4, riba ya asilimia 6 kwa mwaka kwa miezi minane 456,000, gharama za kesi zilizopitishwa na korti 1,150,000. Waranti ikaandikwa 13,006,000.

Beilifu, yaani dalali wa mahakama, alifika gizani lakini akabaki garini akitafuna muhogo. Nyumba ya mtu haiingiwi kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameshapeleka waranti polisi akapewa askari mmoja, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaamshwa awe shahidi. Ndani hapakuwa na kitu. Vitanda, matandiko, vyombo vya kupikia na nguo za familia havikamatwi; sofa na tivii vingeuzwa labda laki sita. Macho yetu yakaenda nyuma ya stoo, kwenye lori la tani nne.

Orodha aliyoiandika beilifu ndiyo ninayoikumbuka hadi leo. Namba ya usajili, ya injini, ya chesisi. Kila tairi kwa namba yake na kina cha meno, kwa sababu mali ikirudishwa mtu hudai alikuwa na matairi mapya. Betri, jeki, speya, mafuta robo tangi. Hata kwenye kabini: redio, turubai, "kitabu kimoja cha delivari, maharage, shule".

"Mzee, weka sahihi hapa," akamwambia mdaiwa. "Usipotaka, naandika umekataa, na afande anashuhudia."

"Andika tu, mwanangu," mzee akajibu, bila hasira. Utulivu ule ulipaswa kutushtua.

Siku ya tatu shemeji yake akaja kortini na logibuku, kadi ya umiliki wa gari, yenye jina lake, akapinga ukamataji. Katika pingamizi kama hilo korti haianzi na nani anadaiwa. Inauliza siku ya kukamata mali ilikuwa mikononi mwa nani, na aliishika kwa niaba ya nani. Dereva alikuwa wa shemeji, funguo alikuwa nazo yeye, mzee alikuwa akilikodi kwa safari. Siku ya 23 likaachiliwa. Kulihifadhi yadi 10,000 kwa siku, 230,000; kulivuta 300,000; gharama za shemeji 400,000. Laki tisa na thelathini, zote juu yetu. Kupekua namba ile kwenye rejista ya magari, wakati huo ikiwa URA, mamlaka ya mapato, kungetuonyesha mwenye lori kabla hatujamwita beilifu.

Mwenzetu mmoja akataka mzee afungwe. Sheria inaruhusu, lakini haizidi miezi sita, pesa ya chakula unaitoa wewe mdai, na akitoka deni liko palepale. Sijaona gereza likijaza gunia.

Ni beilifu aliyekumbuka kitabu cha delivari. Shule ilikuwa ya binafsi, na ilidaiwa na mzee maharage ya milioni 9.2. Wakili akala kiapo kwamba deni hilo lipo na shule iko Uganda. Korti, bila kumwita mzee kwanza, ikaizuia shule kumlipa na kuitaka ije ijieleze. Hapo mbio ni za saa, maana shule ikishalipa huna cha kuzuia. Basari, mtunza fedha wa shule, alipopokea amri akasoma mara mbili.

"Mngechelewa kidogo tu. Jana alikuja kuulizia cheki."

Shule ilikiri deni, amri ikathibitishwa, na cheki ikaandikwa kwa jina letu. Kwa kutulipa sisi, nayo ikawa imemaliza deni lake kwa mzee. Zilizobaki, 3,806,000, mzee alikubali mbele ya hakimu kulipa laki tano kila mwezi. Alilipa miezi saba bila kuruka. Ya mwisho, 306,000, aliileta mwenyewe kwenye bahasha, akakaa kwenye benchi ya stoo, akakataa kuondoka mpaka tuiandikie korti kwamba hukumu imelipwa, na yeye apate nakala yenye muhuri.