Joto la Machi na tangi langu la samaki wa baharini

Mombasa mwezi huu haina huruma jamani. Jana saa nane mchana tangi langu la lita 60 lilisoma nyuzi 31, samaki wamepanda juu wanahema, maana maji yakipata joto oksijeni hupungua. Nimeondoa kifuniko, nikaweka wavu (hawa wanaruka!) na kifeni kidogo kinachopuliza juu ya maji. Leo saa hiyohiyo: 28. Ila kwa feni maji yanakauka haraka, na wengi hapo huongeza maji ya bahari. Msifanye hivyo! Chumvi haiondoki na mvuke, inabaki tangini. Ongezeni maji yasiyo na chumvi wala klorini. Taa nazo nawasha usiku tu. Chupa za barafu nimeziweka friza, stima ikipotea naweka moja ielee tangini.