Nilivyopata pembetatu zangu za kwanza za aloi

Kwa miezi saba bomba langu la kwatzi, ninamokuzia fuwele nyembamba kwa mvuke ndani ya tanuri, lilinipa kitu kimoja tu: salfaidi ya molibdenamu, yaani molibdenamu iliyoungana na salfa. Seleniamu, elementi jamaa ya salfa, nilikuwa naiweka, naiona imeyeyuka na kuisha, lakini kwenye kipande cha silikoni haionekani. Na bila seleniamu hakuna aloi, yaani fuwele moja yenye salfa na seleniamu kwa pamoja.

Niliitaka aloi kwa sababu hii. Tabaka moja la salfaidi ya molibdenamu, unene wake haufiki hata nanomita 1, hunasa mwanga mpaka kwenye wekundu wa nanomita 670 hivi. Badilisha salfa yote iwe seleniamu, utafika karibu na 800, mwanga ambao jicho letu ni vigumu kuuona. Ukichanganya, unachagua mwenyewe kihisi chako cha mwanga kikomee wapi katikati ya hapo. Yaani rangi unaipangia kwenye mizani, kwa kupima unga. Sijaona kazi ya maabara inayonivutia kuliko hii.

Tanuri letu lina eneo moja tu la joto, na hapo ndipo niliponasa. Oksidi ya molibdenamu, unga unaonipa molibdenamu, inataka nyuzi zaidi ya 700, salfa inayeyuka kwenye 115, seleniamu kwenye 221. Nikiweka salfa na seleniamu pamoja mdomoni mwa tanuri, salfa inatangulia kutoa mvuke na kumaliza kila kitu kabla mwenzake hajaamka.

Tanuri la maeneo matatu hatukuwa na pesa yake. Nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, na mchoro. Fundi aliutazama, akauliza, "Madam, unataka joto ngapi, na lisipite wapi?" Nilikuwa na jibu la kwanza tu. Nilirudi siku ya pili na yote mawili. Akanizungushia waya wa koili ya jiko la umeme kwenye mikono miwili ya kuvisha bomba, na vidhibiti joto nikavinunua Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Sasa salfa ikakaa kwenye 160, seleniamu kwenye 280, kila moja na joto lake.

Bado seleniamu ikagoma! Kilichokosekana kilikuwa haidrojeni. Seleniamu ni nzito kuingia kwenye mmenyuko kuliko salfa, inahitaji msukumo huo. Nikaongeza haidrojeni kidogo kwenye agoni, gesi inayobeba mvuke ndani ya bomba. Anayetaka kujaribu asikie vizuri: haidrojeni na seleniamu hutengeneza gesi yenye sumu kali. Moshi wangu wote unapita kwenye maji ya magadi kali, ndani ya kabati la kuvuta hewa, na siwashi nikiwa peke yangu.

Umeme ulinikatikia mara mbili katikati ya ukuaji, kwa hiyo nikahamia usiku. Tena mtiririko wa agoni niliupunguza chini ya ule wa makala za kisayansi, kwa sababu hewa ya Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, ina kanieneo ndogo kuliko ya maabara za pwani, na gesi ile ile hukimbia zaidi ndani ya bomba.

Usiku mmoja, chini ya hadubini, zikatokea: fuwele za umbo la pembetatu, za mikromita 20 hivi, zimetawanyika kwenye silikoni. Tulipozipiga leza ya kijani ziling'aa kwenye nanomita 720. Si 670, si 800. Nilimwita profesa wetu saa hiyo hiyo, naye akaja.

Jaribio la mwisho nililifanya kwa taa ya LED ya nanomita 700, nikiwa nimeweka ncha mbili za dhahabu juu ya pembetatu. Salfaidi tupu mkondo wake wa umeme haukusogea. Wa aloi ulipanda mara taa ilipowaka. Ila nilipoizima, uliteremka polepole, sekunde kadhaa, kana kwamba chaji zimenaswa mahali. Hivi sasa nazitafuta hizo chaji, nikianza na usafi wa oksidi ya silikoni iliyo chini ya pembetatu.