Kabla ya kununua pafyumu ya gari, tafuta maji

Hapa Mwanza gari likinuka, wa kwanza kulaumiwa ni samaki. "Mama, jana ulipita mwaloni?" Nabeba wanafunzi kwa Noah kutoka Buhongwa kwenda mjini, na mmoja wao ana pumu. Ukungu ndani ya gari unaweza kumbana kifua mtoto wa namna hiyo kabla hatujafika Mkuyuni, ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Samaki na uvundo ni vitu viwili tofauti. Maji ya sangara yakimwagika kwenye buti, harufu huzidi kadiri jua linavyopanda, na ukiifuata kwa pua utafika palepale yalipomwagika. Uvundo wa ukungu hukupokea asubuhi ukifungua mlango baada ya usiku wa mvua, au mara tu unapowasha AC, kisha hupungua. Ukiona hivyo, achana na buti.

Masika iliyopita ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kapeti ya abiria wa mbele ilikuwa kavu kwa juu. Nilipoikunjua, sponji ya chini ilikuwa imelowa chepechepe. Kwa hiyo usiishie kupapasa juu. Ingiza mkono mpaka kwenye bati.

Fundi wa AC kule Nyakato aliniuliza swali moja tu: "Dada, ukiegesha baada ya kutumia AC, chini ya gari panadondoka maji?" Palikuwa hapadondoki. AC ikipoza hewa, unyevu hugeuka matone kwenye evapareta, yaani sehemu ya AC inayopoza hewa, kama jasho la chupa ya soda baridi, na matone hayo yana mpira mwembamba wa kuyatoa nje. Mpira ukiziba kwa vumbi na takataka, maji yanarudi miguuni kwa abiria. Aliingia chini ya gari, akaupuliza kwa upepo wa kompresa, na maji machafu yakamwagika chini. Hakuna kifaa tulichonunua.

Kama kwako mpira uko wazi, angalia majani yaliyojaa chini ya waipa, hasa ukiegesha chini ya mwembe, kisha raba za milango na za taa za nyuma.

Kukausha ndiko kunakotaka subira, na hapo ndipo wengi wanaharakisha. Ukungu unaweza kuanza kuota kwenye kitu kibichi ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo kurudisha kapeti yenye unyevu ni kuupanda upya. Tulifungua viti, tukatoa kapeti na sponji, tukavianika juani mpaka sponji ikawa nyepesi mkononi. Ukungu mkavu usiupige brashi ndani ya gari. Fanyia nje, na uvae barakoa. Plastiki nilizifuta kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, nikaacha milango wazi. Tafadhali sana, siki isikutane na jiki: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu. Bekingi soda ilisaidia kwenye vitambaa vya viti, ikilala usiku mzima kabla ya kufyonzwa kwa mashine. Mkaa kwenye kopo sikuona umefanya kazi kubwa.

Mwisho nilibadilisha filta ya hewa, ile iliyo nyuma ya droo ya dashibodi. Ya zamani ilikuwa nyeusi, imebeba majani yaliyooza. Siku hizi nikikaribia kufika nazima AC na kuacha feni ikivuma dakika chache, evapareta ikauke.

Kapeti ikilowa tena wakati AC hujaiwasha kabisa, gusa maji hayo kwa kidole. Yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu tamutamu, usiyaonje: hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye hita. Angalia kiwango chake kwenye tangi, na umwone fundi wa rejeta kabla injini haijachemka.