Mbwa Anayejikuna: Viroboto Kwanza, Chakula Baadaye

Mbwa anayejikuna usiku kucha, akajitafuna mzizi wa mkia hadi manyoya yakapukutika, huhukumiwa haraka sana hapa Malindi. Mmoja atasema ni samaki waliomdhuru, mwingine atasema ni kuku wa gredi, na wa tatu ataagiza apakwe oili chafu kutoka gereji. Nimefuga mbwa kwa miaka mingi hapa Muyeye, lakini ni Chui, mbwa wetu wa kienyeji, aliyenilazimisha kusoma na kuwauliza madaktari wa mifugo maswali mengi juu ya jambo hili. Ninachokiamini sasa ni kwamba mpangilio wa hatua una uzito mkubwa, kwa sababu mtu akianza kubadilisha chakula kabla ya kuwamaliza viroboto, hatajua kamwe ni nini kilichomsumbua mbwa wake.

Niseme kwanza habari ya oili chafu, kwa kuwa bado inatumika na inaumiza. Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina mabaki ya mafuta ya gari na madini yenye sumu. Huunguza ngozi ambayo tayari ina michubuko, na mbwa akijiramba humeza sumu hiyo moja kwa moja. Hakuna ugonjwa wa ngozi wa mbwa unaotibiwa kwa oili ya gari.

Miongoni mwa mizio inayowapata mbwa zaidi ni ule wa viroboto, na kinachouleta ni mate ambayo kiroboto huyaingiza katika ngozi anapofyonza damu. Mbwa mwenye mzio huu hana haja ya kujaa viroboto. Kuumwa mara chache tu kunatosha kumtia mwasho wa siku nyingi, na kwa kuwa hujiramba na kujitafuna bila kupumzika, mara nyingi huwameza wale wachache waliopo, na mwenye mbwa akaapa kwamba hajaona hata mmoja. Tazama mahali anapojikuna. Ikiwa ni nyongani, kwenye mzizi wa mkia na nyuma ya mapaja, washuku viroboto kabla ya jambo jingine lolote. Chana manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa: vijipunje vyeusi vikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu huo ni damu ya mbwa wako.

Sehemu kubwa ya viroboto haikai mwilini mwa mbwa. Mayai hudondoka pale anapolala, na mabuu hukimbia jua na kujificha mahali penye kivuli na unyevu, yaani chini ya mwembe, uvunguni mwa kitanda, na katika gunia kuukuu lililowekwa barazani. Wakishajifunga ndani ya vifuko vyao wanaweza kusubiri kwa wiki nyingi hadi wahisi mtikisiko wa mnyama anayepita. Kwa hiyo dawa ya mara moja haiwamalizi. Mbwa atibiwe mfululizo kwa muda usiopungua miezi mitatu, wanyama wote wa nyumbani watibiwe pamoja naye, kivuli anapolala kifagiliwe, na matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto kisha yaanikwe juani. Zipo dawa za kutafuna za kundi la isoksazolini, ambazo nyingine hulinda kwa mwezi mmoja na nyingine hadi wiki 12. Zinafanya kazi vizuri, ila mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya wanyama, basi mweleze daktari kama mbwa wako amewahi kuanguka kifafa. Na kwa kuwa nyumba zetu za pwani hazikosi paka, naomba sana jambo hili lisisahaulike: dawa ya mbwa yenye pemetrini inaweza kumuua paka, hata akilala tu karibu na mbwa aliyepakwa dawa ambayo haijakauka.

Kuna mambo mengine mawili ya kuondoa njiani. Upele unaoletwa na wadudu wa utitiri huanzia mara nyingi kwenye kingo za masikio na viwiko, huwasha vibaya mno, na unaweza kuwawasha hata watu wa nyumbani kwa muda. Nao mbwa anayeramba miguu tu, hasa anayeishi penye mchanga na vumbi, akaguliwe katikati ya vidole na pembeni mwa makanyagio, kwa kuwa funza bado ni tatizo katika vijiji vya Kaunti ya Kilifi na mbwa huwabeba kama tunavyowabeba sisi. Daktari huutafuta utitiri kwa kukwangua ngozi na kutazama kwa darubini. Funza unaweza kuwaona mwenyewe ukiwa na mwanga wa kutosha na subira.

Tena ngozi iliyokunwa kwa muda mrefu huingiwa na bakteria na kuvu, na maambukizi hayo yana mwasho wake. Utayajua kwa harufu kali ya uchachu, mafuta mafuta kwenye manyoya, vipele vyenye usaha, au masikio yenye uchafu wa rangi ya kahawia. Mbwa akiachwa na maambukizi hayo, chakula kizuri namna gani hakitamtuliza, na mwenye mbwa atakata tamaa akidhani kwamba chakula si kisa.

Ndipo sasa tuje kwenye chakula. Mzio wa chakula ni mwili kuikataa protini fulani, na mara nyingi ni ile ambayo mbwa ameila kwa muda mrefu, hivyo hoja ya kwamba “amekula hiki tangu udogoni” haiondoi shaka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya habari za mbwa 297 wenye mzio wa chakula, ulionyesha nyama ya ng'ombe ikiongoza kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa na mazao yake kwa asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Mbwa hao hawakulelewa kwa makombo ya pwani yetu, na mbwa aliyekuzwa kwa vichwa vya samaki anaweza kupata mzio wa samaki, lakini orodha hiyo inatusaidia kujua pa kuanzia. Dalili zake ni kuwashwa mwaka mzima, kusi na kaskazi, masikio yasiyopona, kujiramba miguu, na kwa baadhi yao kuharisha au kwenda haja mara nyingi kwa siku.

Vipimo vya damu, mate au manyoya havitegemewi katika kutambua mzio wa chakula, hata vikiuzwa kwa bei kubwa. Njia inayotegemewa ni kumlisha mbwa chakula cha majaribio kwa wiki 8, kwa maana imeonekana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye mzio huu hupata nafuu ndani ya muda huo, ilhali ukikatisha wiki ya tatu utawakosa wengi. Chakula chenyewe ni protini moja ambayo mbwa hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja. Hapa ndipo kila mtu anapaswa kukumbuka kwa uaminifu yale ambayo mbwa wake amekula. Chui alikuwa amekula matumbo ya ng'ombe, kuku, maziwa yaliyoganda, mahamri na kila aina ya samaki. Mbuzi nilimwacha, kwa sababu protini za ng'ombe, mbuzi na kondoo zinakaribiana na anayekataa mmoja anaweza kumkataa mwenzake. Tukaangukia nyama ya sungura kutoka kwa mfugaji wa upande wa Gede, pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, bila tui. Anayetaka kutumia muhogo auchemshe hadi uive kabisa na kumwaga maji yake. Wenye uwezo wanaweza kuuliza kwa daktari chakula cha pakiti ambacho protini yake imevunjwavunjwa hadi mwili usiitambue. Ni ghali, lakini hakina kazi ya kubahatisha. Mbwa mdogo anayekua asilishwe chakula cha aina mbili tu bila mwongozo wa daktari, kwa kuwa kinakosa kalsiamu na madini mengine, na mifupa yake itadhoofika.

Ugumu wa majaribio haya haupo jikoni. Upo katika mikono mingi inayomlisha mbwa. Katika nyumba zetu mtoto humtupia kipande cha mkate, jirani humwita ampe ukoko wa wali, wavuvi humrushia matumbo ya samaki, na kukiwa na harusi au matanga hurudi nyumbani akiwa ameshiba pilau. Kipande kimoja cha nyama kinaweza kuuharibu uchunguzi wa wiki nzima. Mama mkwe wangu, ambaye ana huruma kubwa kwa wanyama, aliniuliza, “Mwanangu, ni mbwa gani huyu anayenyimwa hata kipande cha hamri?” Nikamwambia, “Mama, nakuomba wewe ndiye uishike sahani yake, pasiwe na mwingine wa kumpa chakula ila wewe.” Tangu siku ile hakuna mtoto aliyethubutu kumpa Chui kitu, wala jirani, kwa kuwa kila aliyejaribu aliitwa barazani akaelezwa kwa kirefu. Nawashauri wote wanaoanza majaribio haya wampe wadhifa huo yule mtu wa nyumbani mwenye huruma kuliko wengine, maana ndiye ambaye angemlisha kwa siri. Mbwa anayezurura mtaani, kwa upande mwingine, hawezi kufanyiwa majaribio. Afungiwe uani kwa muda huo na kutembezwa kwa kamba, au mwenyewe abaki na kazi ya viroboto na utunzaji wa ngozi bila kujidanganya. Kumbuka pia kwamba dawa za kutafuna za minyoo na viroboto mara nyingi hutiwa ladha ya nyama, basi mwombe daktari akutafutie isiyo na ladha hiyo.

Mwasho ukipungua, kazi haijaisha, kwa sababu huenda kilichomponya ni dawa ya viroboto au mabadiliko ya msimu. Mrudishie chakula chake cha zamani na umtazame. Mwenye mzio wa chakula kwa kawaida huanza kujikuna tena ndani ya saa chache hadi wiki 2. Chui aliporudishiwa matumbo ya ng'ombe, masikio yake yalikuwa mekundu kabla hatujatarajia, na aliporudi kwenye sungura akatulia. Baada ya hapo vyakula vingine huongezwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa wiki 2, hadi ijulikane ni kipi kinachokatazwa na vipi vinaruhusiwa. Samaki hawakumdhuru, jambo lililotupunguzia gharama sana, kwa kuwa mji huu haukosi samaki. Tunamchemshia samaki hao na kuwatoa miiba yote.

Mafuta ya samaki yenye omega-3 husaidia ngozi kushika unyevu na hupunguza mwasho kidogo, lakini matokeo yake huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, na kipimo apange daktari. Mtu asidhani kwamba sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi, yanafaa badala yake: mafuta ya ini yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi humdhuru mbwa. Mafuta ya nazi nayo hupendwa sana huku kwetu, ila kumpaka mbwa mwenye kuvu kwenye ngozi sishauri, kwa sababu kuvu hao huishi kwa kutegemea mafuta. Maji ya majani ya mwarubaini hayana ushahidi wa kutosha kuchukua nafasi ya dawa, na yasimwagiwe kwenye vidonda wala masikioni.

Kuoga ni tiba yenyewe. Mara moja kwa wiki, kwa maji ya baridi au vuguvugu na shampuu ya mbwa, huondoa chavua, vumbi na uchafu uliogandamana. Penye maambukizi daktari atatoa shampuu yenye kloheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ambayo iachwe mwilini kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi na isitumike. Mbwa akitoka baharini asuuzwe kwa maji matamu, na kwa wale wenye visima vya maji ya chumvi ni afadhali kumwekea ndoo ya maji ya bomba. Akaushwe vizuri katikati ya vidole na chini ya masikio, hasa nyakati za masika ambapo hakuna kinachokauka. Chakula kikavu kihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko na kinunuliwe kidogo kidogo, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani hukiingizia utitiri wa ghala.

Wiki 8 zikipita bila nafuu, hapo umeondoa chakula katika washukiwa, na hilo ni jambo la maana kubwa. Anayebaki mara nyingi ni mzio wa mazingira, unaoletwa na utitiri wa vumbi, chavua na ukungu, na ambao kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 3. Huo hauponi kabisa, ila hutulizwa. Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, hufanya kazi haraka na bei yake ni nafuu, lakini ikitumiwa kwa miezi humletea mbwa kiu, njaa isiyokwisha, misuli kunyauka na maambukizi, kwa hiyo sindano ya mara kwa mara “ya kuzuia kujikuna” si utaratibu wa kukubali bila maswali. Oklasitinibu, dawa ya mwasho ya mbwa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hukata mwasho bila madhara mengi ya aina hiyo, japo ina bei na masharti yake. Vidonge vya mzio vya binadamu huwasaidia mbwa wachache tu, na vile vilivyochanganywa na dawa ya mafua vinaweza kuwa na sudoefedrini, ambayo kwa mbwa ni sumu. Unapokwenda kwa daktari, beba pakiti za kila dawa uliyompa, pamoja na maandishi ya alichokula, alipojikuna na mwezi ambao mwasho ulianza.