VA ni mdhamini, si benki: nilivyopata nyumba Texas

Nilipotoka katika jeshi la Marekani nilikaa miaka miwili Killeen, Texas, nikilipa kodi ya nyumba na kuamini kwamba VA, wizara inayohudumia wanajeshi wa zamani, ndiyo ingenikopesha pesa za kununua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kwetu Kenya aliyelitumikia jeshi hilo kabla yangu.

“Kijana, mama yako mwalimu alikuwa akikopa vipi kwenye sacco?”

“Kwa wadhamini, mzee.”

“Basi VA ndiye mdhamini wako. Pesa zinatoka benki.”

Hapo nikaelewa. Kwa kawaida VA hudhamini robo ya mkopo, kwa hiyo mkopaji akishindwa benki haipotezi yote. Ndiyo maana sikudaiwa kianzio, wala ile bima ya kila mwezi ambayo wengi wanaoweka kianzio cha chini ya asilimia 20 ya bei hulipishwa. Haki hii ipo tangu 1944, na nasikitika kuona Wakenya wenzangu waliovaa sare wakiikalia.

Cheti cha kustahili nilikiomba mtandaoni nikiwa na DD-214, fomu inayothibitisha kwamba nilitumikia jeshi na kutoka. Ugumu ulikuwa benki. Ya kwanza ilinikataa kwa sababu ya alama zangu za mkopo, yaani zile zinazoonyesha mtu hulipa madeni yake vipi, nami nikadhani nimekataliwa na VA. Kumbe VA haina kiwango cha chini cha alama. Kila benki hujiwekea chake. Ya pili ilinikubali.

VA hutazama pia pesa zinazobaki baada ya kodi za serikali, madeni na gharama za nyumba. Kwa familia ya watu wanne kusini mwa Marekani, mkopo ukifika dola 80,000 au zaidi, zinatakiwa zibaki dola 1,003 kila mwezi. Mimi na mke wangu tulipiga hesabu hiyo mezani usiku mzima, tukaahirisha kununua gari. Nakipenda kipimo hiki, maana kinauliza watoto watakula nini.

Kisha ikaja ada ya VA. Anayetumia haki yake mara ya kwanza bila kianzio hulipa asilimia 2.15, na kwa nyumba yetu ya dola 240,000 hiyo ilikuwa dola 5,160. Anayelipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi husamehewa. Ombi langu la fidia, la goti na masikio, lilikuwa bado halijajibiwa siku ya kutia saini, kwa hiyo ada ikaongezwa kwenye mkopo.

Miezi saba baadaye nilikubaliwa, na barua ilionyesha kwamba fidia inahesabiwa tangu tarehe iliyotangulia saini yetu. Mzee akanipigia: “Dai ada yako, hiyo ni haki yako.” Nikapeleka barua hiyo VA na kwa benki. Ada yote ilirudishwa, ikakatwa kwenye deni la nyumba.