Siku moja dagoni Jambe, wakati wa bamvua

Saa 11:00 alfajiri. Safari ya kupiga picha kwenye dago, kambi ya wavuvi, la kisiwa cha Jambe karibu na Tanga hupangwa kwa mwezi. Bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, likiwa kubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa 4:30 asubuhi, na hapo ndipo kazi ya madema, mitego ya samaki, huonekana. Usiku kamera hailali kwenye kiyoyozi. Ikitoka kwenye baridi, lenzi hushika ukungu, na mapambazuko hayangoji.

Saa 11:30. Ngalawa inatoka na umande, upepo wa alfajiri utokao bara, maji yakivuta nje. Lenzi mbili (milimita 35 na 85), betri 3 na kadi 2 zimo ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mpiga picha akae chini, tezini, nyuma ya chombo. Nahodha akigeuza tanga, foramali, mti unaobeba tanga, hupita usawa wa kichwa.

Saa 2:00. Dagoni. Nusu saa ya kwanza ni salamu na chai, na kumweleza mkubwa wa dago picha zitakwenda wapi. Asiyetaka hapigwi, hata kwa mbali. Kisha kalafati: pamba iliyolowa mafuta inashindiliwa kwenye nyufa za mashua kwa patasi na nyundo. Piga mikono, kifaa, halafu uso. Wengi huishia kwenye uso, na picha haielezi kazi.

Saa 4:30. Kazi nzuri kuliko zote, mwanga mbaya kuliko wote. Wavuvi wanainua madema maji yakiwa kiunoni. Weupe wa mchanga huidanganya kamera, nyuso zinatoka nyeusi tii, kwa hiyo ongeza mwanga hatua 1. Kichujio cha kukata mng'ao kinaonyesha dema chini ya maji, lakini kinakula karibu hatua 2. Panda ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) hadi 400 ubaki kwenye 1/500 ya sekunde. Tone la chumvi likikauka kwenye kioo usilisugue, litakwaruza. Lilainishe kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi, yasiyo ya chumvi. Na samaki aitwaye tasi usimshike: miiba yake ina sumu.

Saa 7:00. Kivulini, wali na mchuzi. Majina ya samaki na mitego huandikwa sasa, mvuvi mwenyewe akiwa karibu. Mjini kila mtu ana jina lake la samaki yuleyule.

Saa 9:00. Maji yanajaa, tunarudi nayo.

Saa 11:00 jioni. Mnada wa samaki wa Deep Sea, Tanga mjini, jua limelala, mwanga wa bure.

Saa 2:00 usiku. Nakala mbili za kila kadi. Picha 20 zinatengwa za kuchapishwa, zirudi dagoni bamvua lijalo.