Saa 6 na dakika 30 si 6.3

Kwenye hesabu za mwendokasi, kanuni mwanafunzi huwa anaijua: umbali gawanya kwa muda. Kinachomwangusha ni huo muda.

Chukua swali hili. Basi limeondoka stendi ya Kange, Tanga, saa 12:50 asubuhi, likafika Dar es Salaam saa 7:20 mchana. Umbali ni kilomita 351. Tafuta mwendokasi wa wastani.

Wapo wanaoona 12 ni kubwa kuliko 7, basi wanageuza: 12:50 toa 7:20, wanapata 5:30. Wapo pia wanaohesabu saa 12 kama 0, wanasoma 7:20 kama 720, wanatoa 50, wanaandika "saa 6 dakika 70". Hapo wamekopa 100, ilhali saa moja ina dakika 60 tu.

Kwa saa zetu za Kiswahili, usitoe. Hesabu kwenda mbele:

12:50 hadi 1:00 ni dakika 10.
1:00 hadi 7:00 ni saa 6.
7:00 hadi 7:20 ni dakika 20.

Jumla saa 6 na dakika 30. Ukipenda kutoa, geuza kwanza kwenda mfumo wa saa 24 kwa kuongeza 6: saa 7:20 mchana ni 1320. Saa 12 ya asubuhi ihesabu kama 0, kwa hiyo 12:50 inakuwa 0650. Sasa kopa saa moja, ibadili iwe dakika 60: 12:80 toa 6:50, unabaki na 6:30.

Dakika 30 zigawanye kwa 60, ni nusu saa. Muda ni saa 6.5, na 351 ÷ 6.5 = 54. Jibu ni kilomita 54 kwa saa. Aliyeandika 6.3 atapata 55.71 na kuendelea, na desimali hizo ndefu pengine zitamshtua arudi kukagua.

Mbaya zaidi ni kosa linalotoa namba nzuri. Tuseme Kange hadi njia panda ya Segera ni kilomita 72, na basi limetumia saa 1 dakika 20. Mwanafunzi anagawa kwa 1.2, anapata 60 kamili, anapiga mstari chini ya jibu kwa furaha. Lakini dakika 20 ni theluthi ya saa. Muda ni 4/3, na hapa ni heri kubaki na sehemu, maana 1.33 itakupotezea usahihi: 72 × 3/4 = 54.

Kisha hakiki kwa kurudi nyuma. Saa nzima ni kilomita 54, theluthi yake 18, jumla 72. Ukijaribu na 60 unapata 60 na 20, yaani 80, na swali limesema 72.